Ukurasa wa tatu: jinsi tulivyofuta tozo ambayo mahakama haikuifuta

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika chumba cha habari cha redio moja ya Kiswahili hapa Nairobi, na mhariri wa zamu siku hiyo nilikuwa mimi. Nimeondoa jina la redio, la wakili, la mwanasiasa na la soko. Aina ya tozo nimeibadilisha, na siku pia, kwa sababu kesi za namna hii zina watu wanaozikumbuka. Ambacho sikugusa ni mfuatano wa mambo na maneno tuliyotumia. Kosa letu lilikuwa la neno, tena kitenzi kimoja, kwa hiyo nikibadilisha maneno hakutabaki kisa.

Nawaandikia hasa ripota wanaotumwa Mahakama za Milimani kwa mara ya kwanza, na wahariri wanaobaki ofisini wakiwapigia simu kila baada ya dakika kumi.

Mazingira

Jengo la Mahakama za Milimani huchanganya wageni. Watu husema "kesi iko Milimani" kana kwamba ni chumba kimoja, kumbe mle ndani kuna mahakimu, na kuna vitengo vya Mahakama Kuu: cha katiba na haki za binadamu, cha biashara, cha familia, cha jinai na vinginevyo. Redio yetu ilikuwa na ripota mmoja pale. Hakuwa mwajiriwa. Alilipwa kwa kila habari iliyopeperushwa, na habari isiyopeperushwa ilikuwa hasara yake. Saa nne za kukaa kwenye benchi akingoja faili iitwe hazikuwa na bei.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hawalijui. Tangu Julai 2020 kesi za Nairobi huwasilishwa kwa mtandao. Ombi likiletwa kwa dharura, jaji anaweza kulisoma ofisini mwake, bila wakili yeyote kusimama mbele yake, kisha akatoa maelekezo yanayoingia moja kwa moja kwenye mfumo. Hakuna mlango wa kusimama nje ukisubiri. Wa kwanza kuyaona ni mawakili wa kesi, na wa kwanza kutuambia ni wale wale, kila mmoja akisimulia kwa namna inayomfaa mteja wake.

Kesi yenyewe ilikuwa ya wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakipinga tozo mpya ya kila siku sokoni. Walisema hawakushirikishwa ilipotungwa, na kwamba asiyelipa alikuwa akibebewa mali papo hapo. Kama maagizo ya muda, kabla ya kesi kusikilizwa, waliomba mambo mawili: ukusanyaji wa tozo usimamishwe, na askari wa soko wazuiwe kubeba mali ya mtu. Shikeni hayo mawili. Yanafanana mdomoni lakini si kitu kimoja.

Siasa ilikuwa imeshaingia. Kila mwanasiasa wa mji alikuwa na upande, na vipindi vyetu vya asubuhi vilijaa watu wakigombana juu ya tozo ile. Habari yoyote juu yake ilikuwa moto.

Siku yenyewe

Jumatano, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, simu yangu ikalia. Alikuwa yule ripota wetu wa Milimani, binti, ananong'ona. Alikuwa ndani ya chumba cha hakimu, ambako mwanasiasa mwingine kabisa alikuwa akisubiri kusomewa mashtaka na kamera zote za mji zilikuwa zimejazana.

"Mkubwa, ile kesi ya tozo, agizo limetoka. Wakili anasema wameshinda."

"Umeliona?"

"Amenionyesha kwenye simu yake. Nakutumia picha."

Picha ikaja. Ilikuwa ya ukurasa wa kwanza, imepigwa mshazari, kidole gumba cha mtu kimefunika kona. Juu kulikuwa na kichwa cha mahakama, halafu majina ya walalamishi na walalamikiwa, kisha aya ndefu ya Kiingereza cha korti ikieleza kwamba ombi hili limeletwa kwa jaji likitaka, kwanza, lithibitishwe kuwa la dharura, pili, ukusanyaji wa tozo usimamishwe hadi kesi isikilizwe, tatu... Hapo ukurasa ukaisha.

Aliyezoea kusoma maagizo ya korti anaijua aya ile. Ni orodha ya yaliyoombwa. Jaji bado hajafungua mdomo. Hilo nililijua, nimelijua miaka mingi, na nimewahi kuwafundisha wengine. Lakini asubuhi ile jicho langu lilitua kwenye maneno ya kusimamishwa kwa tozo likakataa kuondoka.

Dakika chache baadaye ikaja video. Wakili yuko kwenye ngazi za Milimani, tai imelegea, vipaza sauti vimemzunguka: leo mahakama imewasikia wanyonge, tozo hii imekwisha. Mwanasiasa mmoja aliyekuwa akiipinga tozo tangu mwanzo akawapongeza wananchi kwenye mtandao wa X. Tovuti moja ya Kiingereza ikaandika kwamba mahakama imesimamisha tozo.

Nikaandika kichwa: "Mahakama yasimamisha kwa muda ukusanyaji wa tozo ya soko." Kijana wetu wa mitandao akakisoma, akajaribu kukitia kwenye kile kisanduku chekundu cha habari za hivi punde, akatikisa kichwa.

"Mkubwa, hakienei."

"Punguza."

"'Mahakama yafuta tozo ya soko.' Hiyo inaenea."

Nikasema weka.

Nimerudia dakika ile mara nyingi kichwani. Hakuna aliyepaza sauti, hakuna aliyekusudia kudanganya. Kisanduku kilikuwa na nafasi ya maneno matano, nasi tukatafuta maneno matano. Kutoka "yasimamisha kwa muda" hadi "yafuta" tulivuka mto mzima wa sheria kwa sababu ya upana wa kisanduku. Na hata lile neno la kwanza, nililodhani ni la uangalifu, halikuwa kweli.

Habari ilisomwa saa sita, ikarudiwa saa saba kwenye taarifa kuu, halafu saa nane. Kila mara sentensi ya pili ilikuwa ya mwanasiasa, na ya tatu ikasema hili ni pigo kwa serikali.

Saa nane na nusu binti akapiga tena. Hakuna aliyemtuma, na hakuna ambaye angemlipa, maana habari ilikuwa imeshapeperushwa na kuhesabiwa. Alikuwa amekwenda masjala, ofisi ya mafaili ya korti, akazungushwa, mwishowe akamwomba wakili wa upande wa pili nakala kamili. Agizo lilikuwa la kurasa tatu. Ukurasa wa pili ulikuwa na ratiba: nani awasilishe nini, kwa siku ngapi. Ukurasa wa tatu ndio uliokuwa na sauti ya jaji. Ombi ni la dharura. Suala la kusimamisha tozo litaamuliwa pande zote zikishasikilizwa, baada ya siku kumi na nne. Na kwa wakati huu, walalamikiwa wamezuiwa kubeba, kushikilia au kuuza mali ya mfanyabiashara yeyote kwa sababu ya kutolipa tozo hiyo.

Jaji alikuwa ameombwa mawili, akatoa moja.

Maamuzi tuliyofanya baada ya kujua

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa wa aibu. Nilimwambia kijana abadilishe kichwa kwenye tovuti kimyakimya, kutoka "yafuta" kuwa "yasimamisha". Nilikuwa nimeusikia ukurasa wa tatu kwa simu, sikuwa nimeusoma. Binti alipoona mabadiliko akapiga mara ya tatu, safari hii bila kunong'ona.

"Mkubwa, hajasimamisha. Tozo inaendelea. Amezuia watu kubebewa vitu, basi."

Nikabadilisha tena. Kwa hiyo habari moja ikawa na vichwa vitatu mchana mmoja, na hakuna mahali tuliposema kwamba imebadilishwa. Aliyepiga picha ya skrini saa sita alikuwa na kimoja, aliyeingia saa tisa akakuta kingine.

Uamuzi wa pili ulihusu matangazo ya redio. Taarifa ya saa tisa niliitoa habari hiyo kabisa. Nilijiambia nangoja kuhakikisha, lakini nilikuwa nimeshahakikisha. Ukweli ni kwamba sikutaka sauti ile ile iliyosoma "imefuta" isome "haikufuta" saa moja baadaye. Kwenye tovuti unaweza kufuta maandishi. Redioni neno likitoka limetoka, na kunyamaza hakulirudishi, kunaliacha tu lizunguke peke yake.

Uamuzi wa tatu haukuwa wangu peke yangu. Jioni nilimweleza meneja. Akasema tungoje mshauri wa sheria, kwani tukikiri tunaweza kuwa tumejifunga wenyewe. Hoja hiyo si ya kipuuzi, nami niliikubali kwa urahisi kwa sababu ilinipa usiku mmoja wa kupumua. Lakini ilimweka mshauri wa sheria mbele ya msikilizaji. Usiku ule hakuna aliyeuliza nani ataamka kesho akitegemea neno letu.

Alhamisi asubuhi

Mama mmoja anauza nguo za mtumba za watoto katika soko la mashariki mwa jiji. Redio yetu huwaka kibandani kwake tangu anapofungua. Saa mbili asubuhi askari wa soko wakafika.

"Mama, ya leo."

"Tozo ilifutwa jana. Imetangazwa redioni."

"Haijafutwa, mama. Lipa ama tubebe."

"Silipi kitu kilichofutwa na korti."

Wakabeba gunia.

Haya niliyasikia kutoka kwake mwenyewe, na Nairobi nzima iliyasikia, kwa sababu alipiga simu kwenye kipindi cha asubuhi. Mtangazaji alidhani anapiga kuchangia mada. "Nyinyi mlisema imefutwa," akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayedai chenji yake. "Sasa mwambieni huyu anirudishie gunia langu."

Hapo ndipo penye uzito wa kisa hiki. Tukisema "habari ilitiwa chumvi" tunadhani madhara yake ni kwamba mama alipewa matumaini kupita kiasi. Sivyo. Mahakama ilikuwa imempa ngao, ndogo lakini ya kweli: gunia lisibebwe. Sisi tukampa ngao kubwa ya karatasi. Alipoinua ya karatasi, yule askari alijua ni ya karatasi, maana yeye alikuwa ameambiwa tozo ingalipo, na hapo alikuwa sahihi. Kama mama angesema, "Tozo ipo, lakini jaji amekukataza kubeba mali yangu," angekuwa amesimama juu ya agizo halali la Mahakama Kuu. Maneno hayo hakuwa nayo. Tulikuwa nayo sisi, tangu saa nane na nusu ya Jumatano, kwenye simu yangu.

Kusahihisha

Ijumaa asubuhi barua ikafika kutoka kwa mawakili wa walalamikiwa ikidai masahihisho. Nasikitika kusema barua ile ndiyo iliyotusukuma, si simu ya mama. Maadili ya uanahabari yaliyowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 yanataka kosa lisahihishwe upesi likigunduliwa, barua iwepo isiwepo.

Tulibishana juu ya mambo mawili. La kwanza, saa. Meneja alipendekeza taarifa ya saa nne usiku. Mimi nilitaka saa saba mchana, kwenye taarifa kuu, kwa sababu kosa lilisomwa hapo. La pili, nani asome. Tukakubaliana asome msomaji yule yule, kabla ya habari ya kwanza. Maneno yalikuwa haya:

"Jumatano tulitangaza kwamba mahakama imefuta tozo ya soko. Hatukuwa sahihi. Tozo hiyo bado ipo. Jaji amezuia kubebwa kwa mali ya mfanyabiashara ambaye hajalipa, hadi pande zote mbili zisikilizwe. Tunawaomba radhi wasikilizaji, hasa wafanyabiashara waliotegemea habari yetu."

Sentensi ya nne niliiandika mara sita. Rasimu ya kwanza ilisema "jaji alitoa maagizo fulani ya muda", ambayo ni kweli na haimfai mtu yeyote.

Yaliyofuata

Gunia lilirudi baada ya siku sita, wakili wa walalamishi alipoandika barua akiambatisha agizo. Nguo kadhaa hazikuwemo. Siku nilipokwenda sokoni, vibanda vingi vilikuwa vimetundika nakala ya ukurasa wa tatu, imetiwa ndani ya plastiki na kupigiliwa msumari. Mama akaniomba nimsomee kwa Kiswahili, kwa kuwa yeye alikuwa akiwaonyesha tu askari bila kujua mstari gani ndio wenye kazi. Nikaupata mstari, nikamsomea. Akaniuliza kama ni hivyo tu. Nikamwambia ni hivyo tu. Akaendelea kupanga soksi.

Wakili wa ngazi za Milimani nilimpigia simu nikiwa na malalamiko. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema yeye ni wakili wa wateja wake, si wangu. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Mwanasiasa hakufuta ujumbe wake.

Siku kumi na nne zilipotimia, jaji alisikiliza pande zote, akarefusha lile zuio la kubeba mali na akapanga tarehe ya kusikiliza kesi yenyewe. Mwishowe pande mbili zilikubaliana nje ya mahakama. Kwa maneno mengine, siku ambayo tozo ilifutwa na korti haikuwahi kufika.

Uchambuzi: kitenzi

Lugha yetu ina vitenzi vingi vya kusimulia uamuzi wa korti, na magazeti na redio zimevitumia kama sukari, mtu akajiwekea kiasi anachopenda. Kusimamisha, kusitisha, kuzuia, kubatilisha, kuharamisha, kufuta, kufutilia mbali, kutupa, kuzima. "Kuzima" imetoka kwenye taa na kwenye mpira wa miguu, na kwenye habari za korti haina maana yoyote mtu anayoweza kuitumia.

Baada ya kisa hiki tulikaa na wakili mmoja mstaarabu, alasiri nzima, tukagawa kazi za vitenzi. Jaji akithibitisha ombi kuwa la dharura, hajasema nani yuko sahihi. Amesema tu lisipange foleni. Akisimamisha sheria kwa muda, sheria ipo ila haitekelezwi hadi aseme tena. Akizuia, anamzuia mtu fulani asitende tendo fulani, kwa hiyo sentensi yako lazima itaje mtu na tendo. Kubatilisha, au kutangaza kuwa kitu kinakiuka Katiba, ni kwa hukumu ya mwisho ya kesi. Kufuta sheria tuliamua tuliachie Bunge. Na "kutupilia mbali" kesi tuliikubali kwa shingo upande, kwa sababu Kiswahili chetu cha habari kinaitumia kwa kesi iliyoshindwa kwa hoja na kwa kesi iliyokosea utaratibu wa kuwasilishwa. Hizi ni mbili tofauti. Ya pili mara nyingi inaweza kurekebishwa na kurudi.

Anayeona hii ni mizaha ya walimu wa sarufi na akumbuke Sheria ya Fedha ya 2023. Tarehe 30 Juni 2023 Mahakama Kuu iliisimamisha kwa muda. Tarehe 28 Julai Mahakama ya Rufaa ikaondoa zuio hilo. Tarehe 28 Novemba majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema tozo ya nyumba iliyokuwa ndani ya sheria hiyo inakiuka Katiba, lakini wakaruhusu iendelee kukatwa hadi 10 Januari 2024 ili serikali iende rufaa. Mfanyakazi aliyesikia "imeharamishwa" Novemba alifungua hati ya mshahara ya Desemba akakuta makato yako palepale, akadhani mwajiri wake ni mwizi. Halafu 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha sheria yote, na 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo. Sheria moja, miezi kumi na sita, na kila hatua ilikuwa na kitenzi chake. Ukitumia "yazima" kwa zote, msikilizaji anabaki na redio inayowaka na kuzimika.

Zipo siku ambazo neno zito ndilo la kweli. Tarehe 1 Septemba 2017 hakukuwa na la kukisia: Jaji Mkuu David Maraga alisoma mwenyewe, mbele ya kamera, kwamba uchaguzi wa urais wa Agosti ulikuwa batili. Sababu kamili zilifuata 20 Septemba, lakini uamuzi wenyewe tulikuwa nao mdomoni mwa mahakama. Tofauti na kisa chetu ni hiyo. Pale tulisikia korti. Hapa tulisikia mtu aliyetoka kortini.

Uchambuzi: chanzo, na ile sentensi ya tatu

Wakili si chanzo kibaya. Ni chanzo chenye mteja. Alichosema kilipaswa kuingia kwenye habari kama kauli yake, kwa jina lake, baada ya kauli ya jaji. Sisi tuliifanya kauli yake kuwa kichwa na jaji akawa mapambo. Kuna ubaya wa kisheria pia: sheria yetu ya kashfa hukilinda chombo kinachoripoti kwa usahihi na bila upendeleo yaliyotokea kortini. Ukiripoti ambayo hayakutokea, mwavuli huo umeuacha mlangoni.

Lakini linalonisumbua zaidi ni sentensi ya tatu, ile ya "pigo kwa serikali". Niliiandika mimi, bila kufikiri, kama mtu anavyotia chumvi kwenye maji ya ugali. Habari za korti zenye harufu ya siasa huwa tunazisimulia kama mechi: nani kafunga, nani kafungwa. Ukishauliza nani ameshinda, hutauliza tena mtu afanye nini kesho asubuhi. Agizo lile halikuwa ushindi wala pigo. Lilikuwa maelekezo kwa askari kuhusu magunia. Ukilisoma kwa jicho la siasa ni habari ndogo, nusu ya walichoomba. Ukilisoma ukiwa kibandani ni habari kubwa kuliko ile tuliyoitangaza.

Lililofanya kazi

Binti aliyerudi masjala. Hilo moja. Kila kitu chema katika kisa hiki kilitoka kwenye ile safari ambayo hakutumwa wala kulipwa. Masahihisho ya saa saba nayo yalifaa kuliko tulivyotarajia. Tulihofia kuchekwa, na tulichekwa siku moja. Halafu wasikilizaji wakaanza kupiga simu wakiuliza maana ya maagizo mengine ya korti, mambo ya ardhi na karo, hadi tukawatengea dakika kumi kila Ijumaa.

Tumeweka sheria chache ofisini. Agizo la korti halitangazwi hadi mhariri ashike ukurasa wenye maagizo, si wenye maombi. Kisanduku chekundu kimepanuliwa, kazi iliyomchukua fundi mchana mmoja. Kichwa kikibadilishwa kwenye tovuti, chini yake panaandikwa kilibadilishwa saa ngapi na kwa nini.

Lililobaki

Siku jaji aliporefusha lile zuio, tuliandika kichwa cha maneno kumi na moja: "Jaji arefusha agizo la kuwazuia askari kubeba mali ya wasiolipa tozo." Kijana wa mitandao alikihesabu kwa sauti. Kilisomwa na watu wachache mno kuliko kile cha maneno matano.

Na malipo ya ripota wa Milimani hayajabadilika. Nilipeleka pendekezo kwamba alipwe kwa siku, au angalau alipwe kwa agizo kamili analoleta hata habari isipopeperushwa. Meneja aliliita pendekezo zuri, akasema litajadiliwa kwenye bajeti. Binti mwenyewe ameshaondoka, yuko kwenye ofisi ya mawasiliano ya shirika moja. Aliyechukua nafasi yake alinitumia picha wiki iliyopita, ukurasa wa kwanza, akaniuliza kama inatosha.